Mwajiri mpya kampigia bosi wako wa sasa bila kukuambia. Sheria inasemaje?

#1 Mhasibu wa Ilala
Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana linaumiza wengi.

Mdogo wangu ni mhasibu kwenye kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar. Aliomba kazi kwingine, akafaulu usaili, akaambiwa asubiri barua. Kwenye fomu aliandika wadhamini watatu. Palipoulizwa "tunaweza kuwasiliana na mwajiri wako wa sasa?" alijibu HAPANA, kwa sababu bado yuko kazini na hajaaga. Jamaa wakampigia meneja wake moja kwa moja. Meneja akamwita: "Kumbe unatuhama?" Tangu siku hiyo kanyang'anywa malipo ya wateja, anakaa tu mezani. Na huko alikoomba barua haijatoka mpaka leo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kumpekua mtu kabla ya kumpa kazi ni haki ya mwajiri, hata mimi ningempekua. Ubaya ni kumpekua kisirisiri, mahali alipokataa mwenyewe kwa maandishi. Je, kuna sheria inayomlinda au tunajifariji tu?

#2 Kisiki
Ukishapeleka CV umeruhusu kuulizwa. Huwezi kuomba kazi ya kushika fedha za watu halafu ukapanga nani aulizwe na nani asiulizwe. Pole kwa dogo, ila kesi hana.

#3 Wakili wa Uchochoroni
Kisiki, hapana. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kifungu cha 23 kinamtaka mkusanyaji achukue taarifa za mtu kutoka kwa mtu mwenyewe, na kabla ya kuzichukua mhusika ajue ni za kazi gani na nani atazipata. Ipo misamaha, mmojawapo ni pale mhusika anaporidhia zichukuliwe kwa mtu mwingine. Kijana ameridhia watu watatu. Wa nne kamkataa. Ridhaa ya kumpigia huyo wa nne imetoka wapi?

Halafu msimsahau meneja aliyepokea simu. Kampuni inashikilia taarifa za mfanyakazi wake kwa ajili ya ajira. Kumsimulia mgeni wa kwenye simu tabia yake, mahudhurio yake, mshahara wake, nako ni kutoa taarifa binafsi.

#4 Kisiki
Wakili, usikiishie njiani kifungu hicho. Kuna msamaha mwingine humo humo: pale ambapo kufuata utaratibu kutaharibu lengo halali la kukusanya taarifa. Ukimwambia mwombaji "kesho nampigia bosi wako", usiku huo anampanga bosi. Wengine wanaandika namba ya binamu yao, binamu anapokea "ndiyo, mimi ni meneja uendeshaji". Simu ya kushtukiza ndiyo pekee inayotoa ukweli.

#5 Wakili wa Uchochoroni
Msamaha ukitafsiriwa hivyo unameza kanuni yote. Kila mwajiri atasema kuomba ridhaa kungeharibu lengo lake. Na kama hutaki kupangiwa, piga namba ya mezani ya kampuni badala ya simu ya mkononi aliyokupa mwombaji. Binamu hapokei mapokezi ya ofisi ya watu.

#6 Mama Tano
Habari zenu. Mimi niko upande wa utumishi, viwandani, miaka mingi. Ngoja niwaambie tunavyofanya, maana mnabishana kama upekuzi hauna utaratibu.

Kwanza usaili unaisha. Ukishamchagua mtu, unampa barua ya ajira yenye masharti: ajira hii itakamilika endapo taarifa zako zitathibitika. Pamoja nayo anapewa karatasi ya ridhaa ya peke yake. Hiyo karatasi isizikwe ndani ya fomu ya maombi. Inataja kila tutakapokwenda: Baraza la Mitihani (NECTA) kwa vyeti vya sekondari, chuo chake, polisi, waajiri wa nyuma. Mwajiri wa sasa tunamgusa mwishoni kabisa, baada ya mtu kukubali barua na kutoa taarifa ya kuacha kazi, na kwa kawaida tunamuuliza mambo mawili tu: alifanya kazi kuanzia lini, kwa cheo gani. Ukienda hivi unapata unachotaka na hujamharibia mtoto wa watu kibarua.

Na kuna sehemu Wakili hajaigusa. Taarifa za makosa ya jinai, miamala ya fedha, alama za vidole na afya, sheria inaziita taarifa nyeti. Kifungu cha 30 kinataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata, na aliyeiridhia anaweza kuiondoa. Ridhaa ya mdomo haitoshi hapo.

#7 Fundi Bomba
Mama Tano nimekuelewa. Swali dogo: ile fomu ya "umewahi kushtakiwa?" unayojaza siku ya kwanza ya kuomba ulinzi getini, nayo ni nyeti?

#8 Mama Tano
Ndiyo. Ni taarifa ya makosa. Mimi naishangaa kuiona kwenye fomu ya kwanza, wakati waombaji ni mia tatu na atachukuliwa mmoja. Unakusanya siri za watu mia mbili tisini na tisa za nini? Zitakaa wapi? Nimeona maboksi ya fomu za namna hiyo chini ya ngazi za ofisi, yamefunikwa na vumbi, kila mfagizi anaweza kusoma.

#9 Mzee wa Kigogo
Vijana, mnasahau tulikotoka. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Manesi, walimu, watu wa halmashauri. Wengine walikuwa wamekaa kazini miaka na miaka. Kama waajiri wao wangepekua siku ya kwanza yasingefika huko. Leo mnataka mwajiri aombe ruhusa ndipo aulize?

#10 Chaurembo
Shikamoo mzee. Wakati ule walifukuzwa hata wa darasa la saba na wenye digrii feki.

#11 Mzee wa Kigogo
Marahaba. Changanua, mwanangu. Uhakiki wa NECTA ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Digrii hazikuwamo. Na wa darasa la saba ni habari nyingine: walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, kabla ya sharti la kidato cha nne kushika, serikali ilikuja kuwarudisha kazini 2018. Hao hawakughushi kitu.

#12 Wakili wa Uchochoroni
Mzee heshima yako. Ila mfano wako unaunga mkono upande wetu. Kuhakiki cheti NECTA hakuhitaji siri yoyote. Mwombaji anakupa namba yake ya mtihani, unaipeleka, unajibiwa. Digrii ya nje unaipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Hakuna sehemu hapo inayohitaji kumvizia mtu.

#13 Mwenye Shule
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nina shule ya msingi ya bweni. Nilimwajiri mwalimu mwenye cheti halisi kabisa, NECTA walithibitisha, chuo kilithibitisha. Baadaye mzazi mmoja akanionyesha kwamba shule aliyotoka walimwondoa kwa sababu ya watoto. Hawakumfikisha polisi. Walimwambia aandike barua ya kuacha kazi, wakampa cheti cha utumishi kilichonyooka, wakamsindikiza. Nilimwondoa kabla hajanifanyia jambo, namshukuru Mungu.

Sasa nyie mnaosema tupige simu kwa ridhaa tu na tuulize tarehe na cheo tu: simu ya tarehe na cheo ingenisaidia nini mimi? Polisi rekodi haipo. Mwombaji hawezi kuridhia nimuulize mtu anayejua ubaya wake. Mtoto wa mwenzako ana umri wa miaka saba, amelala bwenini, mlinzi wake ni huyo.

#14 Kisiki
Hapo ndipo ninapopasemea tangu mwanzo.

#15 Mama Tano
Mwenye Shule, hilo limenigusa na sitalijibu kwa mkato. Kwa kazi ya watoto mimi ningeuliza zaidi ya tarehe na cheo, na ningeandika kwenye karatasi ya ridhaa: "tutauliza shule zako zote zilizopita sababu ya kuondoka kwako na malalamiko yoyote yanayohusu wanafunzi." Asiyetaka kusaini, asisaini, na wewe humchukui. Ridhaa haimfungi mwajiri mikono. Inamlazimisha mwombaji achague mbele yako. Wengi wenye mambo yao wanatoweka palepale wakiiona karatasi.

Tatizo kubwa unalolitaja ni lile la shule ya kwanza kunyamaza. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi ajira inapokoma, lakini cheti hicho hakisemi tabia. Waajiri wanaogopa kushtakiwa kwa kuchafua jina, wanaandika "tunamtakia kila la heri."

#16 Kasuku wa Nairobi
Wadau wa bara, huku kwetu sheria imeliandika wazi hilo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, mwajiri lazima atoe cheti cha utumishi: jina, tarehe, aina ya kazi. Lakini halazimiki kutoa barua ya sifa wala maelezo ya tabia au utendaji. Kwa hiyo mwajiri wa zamani akinyamaza hana kosa.

Na mambo ya karatasi huku yalikuwa yamezidi. Kijana anatafuta kazi ya kwanza maishani anadaiwa cheti cha mwenendo mwema cha DCI (polisi wa upelelezi), cheti cha kodi cha KRA, barua ya HELB kwamba hadaiwi mkopo wa masomo, barua ya EACC (tume ya maadili na kupambana na rushwa), cheti cha CRB (taarifa za mikopo). Hiyo ya DCI pekee ni shilingi 1,050 na alama za vidole, na baada ya mwaka unaambiwa imezeeka. Unalipa ili uombe, na kazi hupati. Mwaka 2022 Bunge likarekebisha Sheria ya Ajira: mwajiri haruhusiwi kukudai hivyo vyeti isipokuwa ana nia ya kuingia nawe mkataba wa maandishi. Ukishindwa kuvileta baada ya hapo, anaweza kuiondoa ajira aliyokupa.

#17 Fundi Bomba
Yaani vyeti vinafuata barua, si barua kufuata vyeti. Hiyo ingekuja huku tungeokoa nauli nyingi.

#18 Kinyozi wa Thika
Kasuku umesema vyema lakini sema yote. Matangazo ya kazi bado yanadai vyeti hivyo siku ya maombi, hata ya mashirika ya umma. Sheria ipo, kijana bado anapanga foleni Huduma Centre. Na msimamo wa wale wanaodai pia una mizizi: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya hapa ilitangaza kukuta vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000 katika taasisi za umma. Mwajiri aliyechomwa mara moja hataki kusubiri mpaka barua.

#19 Dada wa Sinza
Jamani mmekazania simu na vyeti. Mimi niliambiwa nipime mimba. Hoteli, kazi ya mapokezi. Wakasema ni "kipimo cha afya kwa wote", lakini wanaume tuliokuwa nao walipimwa kifua na macho tu. Sikurudi tena pale. Hilo nalo ni upekuzi, na sijaona mtu akilisema.

#20 Wakili wa Uchochoroni
Dada pole sana. Hapo sheria haina utata hata kidogo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinakataza ubaguzi, na mimba imetajwa kwa jina. Wengi hawajui kwamba kifungu hicho kinamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa, na kinagusa matangazo ya kazi na vigezo vya usaili. Vilevile ndoa, dini, kabila au mahali ulikotoka, ulemavu, VVU, umri, maoni ya siasa. Ukiulizwa "umeolewa? una mpango wa mtoto lini?" usidhani ni mazungumzo.

VVU ina sheria yake pia, ya 2008: hakuna kumlazimisha mtu kupima. Wachache waliotolewa nje ya kanuni hiyo, kama wanaoamriwa na mahakama, hawahusiani na ajira kabisa.

#21 Kasuku wa Nairobi
Kenya ni sheria ya 2006, na imetaja ajira moja kwa moja: kupima VVU hakuwezi kuwa sharti la kupata kazi.

#22 Chaurembo
Lakini OSHA, wale wakala wa usalama na afya kazini, si wanataka wafanyakazi wapimwe? Kiwandani kwetu tulipimwa wote kabla ya kuanza.

#23 Mama Tano
Wanataka, na ni sawa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka upimaji kabla ya kumpangia mtu kazi na baada ya vipindi. Shabaha yake ni kama mwili unaiweza kazi ile: masikio kwa anayekwenda kwenye mashine, mapafu kwa anayekwenda kwenye vumbi, macho kwa dereva. Mapokezi ya hoteli na mimba vinahusiana wapi? Na majibu anayopaswa kupata mwajiri ni anafaa au hafai kwa kazi hii. Faili la daktari halihami kuja kwenye kabati la utumishi.

#24 Mbeba Boksi wa Ohio
Nawasalimu kutoka ughaibuni. Huku Marekani kupekuliwa ni lazima kama kula, hata kazi ya ghala. Lakini kuna FCRA (Fair Credit Reporting Act), sheria ya 1970 ya ripoti za taarifa za watu. Mwajiri anatakiwa akupe tangazo la peke yake kwamba atapekua, usaini. Ripoti ikija na doa na anataka kukunyima kazi, lazima kwanza akutumie nakala ya ripoti na maelezo ya haki zako, akupe nafasi ya kusema "huyu si mimi". Jamaa yangu aliwahi kubandikiwa kesi za mtu mwenye jina kama lake na mwaka mmoja wa kuzaliwa. Aliisahihisha kwa sababu aliiona karatasi. Angekuwa amenyimwa kimya kimya asingejua mpaka kufa.

#25 Mtaa wa Pili Toronto
Mbeba Boksi, kamilisha maelezo. FCRA inafanya kazi pale mwajiri anapotumia kampuni ya kupekua. Akinyanyua simu mwenyewe akampigia bosi wako wa zamani, sheria hiyo haimgusi. Yaani kesi ya mleta mada, hata Ohio isingelindwa na FCRA.

#26 Mbeba Boksi wa Ohio
Ni kweli ndugu. Ila hoja yangu ni ile ya kuonyeshwa karatasi. New York mjini nao tangu 2015 wamesogeza swali la makosa ya jinai mpaka baada ya barua ya ajira, karibu na anavyofanya Mama Tano.

#27 Kisiki
Ughaibuni wameingia, sasa tutahesabiwa dola. Mbeba Boksi karibu, leta na picha za theluji.

Kwa umakini: hayo yanawezekana kwenye nchi yenye rekodi za kompyuta. Hapa mtu akishtakiwa Sumbawanga, mwajiri wa Tanga atajulia wapi? Rekodi yetu ni midomo ya watu. Ndiyo maana tunapiga simu.

#28 Bi Mkubwa wa Tegeta
Kisiki ana hoja hapo. Mimi naajiri wasichana wa kazi na vijana wa duka. Barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili wenye namba ya NIDA, basi. Mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri hata kama hamjui mtu. Wadhamini ukiwapigia siku fedha zimepotea, simu imezimwa. Kwa mfanyakazi wa ndani kilichowahi kunisaidia ni kuongea na mama aliyemlea na mama aliyemtumikia mwanzo. Sijawahi kuomba ridhaa ya maandishi na sidhani binti angeelewa.

#29 Dada wa Sinza
Bi Mkubwa, angeelewa. Ungemwambia kwa Kiswahili cha kawaida tu: "Nitampigia uliyekuwa unakaa kwake, ni sawa?" Wapo waliokimbia nyumba kwa sababu baba mwenye nyumba alikuwa anawafuata usiku. Ukimpigia mama wa nyumba hiyo utaambiwa binti ni mwizi. Ukimuuliza binti kwanza, unasikia na upande wake.

#30 Bi Mkubwa wa Tegeta
Hilo ni kweli, mwanangu. Nimelichukua.

#31 Fundi Bomba
Na wale wanaoshikilia vyeti halisi "mpaka mkataba uishe" je? Rafiki yangu kashikiwa cheti cha ufundi cha VETA na mkandarasi, akipata kazi nyingine anakosa cha kuonyesha.

#32 Mama Tano
Mwajiri anaona cha halisi, anabaki na nakala, anarudisha palepale. Kushikilia ni kumfunga mtu kamba.

#33 Sanduku la Posta
Wakuu, mimi niliombwa taarifa ya benki ya miezi sita. Nafasi ya afisa mikopo. Nikawapa kwa sababu nilikuwa na njaa ya kazi. Mtu alikaa akanisoma mbele yangu: "hapa unamtumia nani kila mwezi?" Ni mama yangu. Nilitoka pale najisikia nimevuliwa nguo.

#34 Kisiki
Kwa afisa mikopo mimi naelewa kwa nini wanataka kujua madeni yako. Mwenye mikopo mitano anapewa funguo za kukopesha wengine? Na kwenye mabenki, wakurugenzi na mameneja wa juu wanapekuliwa mpaka Benki Kuu (BoT) iridhike.

#35 Wakili wa Uchochoroni
Madeni yana njia yake, kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya BoT. Ripoti inaonyesha unadaiwa na unalipaje. Taarifa ya benki inaonyesha zaka yako, hospitali uliyolipia, unayemsaidia. Miamala ni taarifa nyeti, na hata mtu akisaini, sheria inataka unachokusanya kiwe cha lazima kwa lengo lako. Mama yake anahusika vipi na mikopo ya benki yao? Na saini ya mwenye njaa nayo ina shaka. Ridhaa inatakiwa iwe ya hiari.

#36 Mwenye Shule
Wakili, ukienda hivyo hakuna ridhaa hata moja itakayosimama, maana kila mwomba kazi ana njaa. Ile karatasi ya Mama Tano nayo itaanguka.

#37 Wakili wa Uchochoroni
Hoja nzito hiyo, na wanasheria wenzangu wanagawanyika hapo. Mimi naona tofauti iko kwenye kiasi: kinachoombwa kilingane na kazi inayoombwa.

#38 Mkunazini
Assalam alaykum. Mimi niko Unguja, nawaona mnataja sheria ya ajira ya 2004 kama ni ya Tanzania yote. Huku kwetu mambo ya kazi si ya Muungano, tunayo Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Mtu akinyimwa kazi hoteli ya Nungwi asikimbilie kifungu cha 7 cha bara.

Jengine. Huku mahoteli yanaulizana. Kuna makundi ya WhatsApp ya mameneja, mfanyakazi akigombana na mkuu wake, picha yake inarushwa: "huyu msimchukue." Hakuna simu, hakuna fomu, hakuna wadhamini. Unakwenda hoteli ya tatu unaambiwa nafasi imejaa na wewe umeliona tangazo asubuhi.

#39 Chaurembo
Hayo makundi yapo hata bara, ya HR. Nimewahi kuonyeshwa moja.

#40 Mhasibu wa Ilala
Ahsanteni wote, nasoma kila mchango. Nimeongea na dogo. Amepata nakala ya ile fomu yenye HAPANA yake, alikuwa ameipiga picha kabla ya kuituma. Sasa anajiuliza aende wapi: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi?

#41 Wakili wa Uchochoroni
Picha hiyo aitunze. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ni ya mgogoro wa kazi: huko kazini kwake wakimfukuza au wakimlazimisha kuacha, ndiko kwake. Kwa simu iliyopigwa, alalamike kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ina uwezo wa kuchunguza, kutoa amri, na kutoza faini hadi shilingi milioni 100. Kabla ya hapo aiandikie kampuni mpya barua fupi: nionyesheni taarifa mlizokusanya kunihusu na mlikozitoa. Kujua hilo ni haki yake.

#42 Kisiki
Na akiandika hiyo barua, ile kazi ndiyo kaizika rasmi. Wakili anamshauri kijana ashinde kesi na akose mshahara.

#43 Mama Tano
Kazi yenyewe Kisiki ishazikwa na waliopiga simu. Mimi ningeanza na meneja wa sasa, tena kwa mdomo: ndiyo niliomba, sijaondoka, naomba nirudishiwe majukumu yangu. Kuomba kazi si utovu wa nidhamu. Akikataa, ombi hilohilo liwekwe kwa maandishi.

#44 Kinyozi wa Thika
Sisi huku Ofisi ya Kamishna wa Data imeshatoza watu. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilipigwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na kilabu kimoja milioni 1.85 kwa picha ya mteja. Kumbuka zote ni picha. Simu haina picha. Kijana atathibitishaje kilichosemwa?

#45 Wakili wa Uchochoroni
Kwamba simu ilipigwa, meneja wake mwenyewe kasema alipomwita ofisini. Kilichosemwa ndani ya simu ndiyo mlima.

#46 Mkunazini
Nami nirudi kwenye makundi, maana mmelipita. Kama jina langu limo humo, namwandikia nani hiyo barua ya "nionyesheni"? Kundi halina ofisi.

#47 Kisiki
Humwandikii mtu. Ni mazungumzo ya watu binafsi kwenye simu zao.

#48 Wakili wa Uchochoroni
Si mazungumzo binafsi pale picha inaporushwa na meneja wa hoteli, kwa mameneja wa hoteli, ili mtu asiajiriwe hotelini. Kwangu mimi kila hoteli ambayo meneja wake kaisoma na kuitumia ni mkusanyaji.

#49 Mama Tano
Mimi naona aliyerusha ndiye wa kwanza, taarifa zilikuwa mikononi mwake kwa sababu ya ajira. Waliosoma tu sijui utawakamataje.

#50 Mkunazini
Aliyerusha simjui, ndugu zangu. Nilionyeshwa picha ya skrini imekatwa juu, jina la aliyetuma halipo.